Ubeti Niliouokota Kabati

Ukimwambia mtu wa Mji wa Kale kwamba umekwenda Kabati, atakuuliza kabati la nani, na ulifuata nini ndani yake. Kwetu sisi kabati ni lile la vyombo, lenye sahani za kaure zinazotolewa Idi hata Idi, kisha likafungwa kwa ufunguo anaoulalia mama wa nyumba. Lakini Kabati niisemayo, ndugu msomaji, ni mji wa soko huko Kitui Magharibi, kwenye barabara itokayo mji wa Kitui kwenda Migwani.

Nilikwenda huko Mfungo Pili kwa shughuli ya watu wazima. Mpwa wangu alikuwa amempata mchumba, binti wa Kikamba aliyesilimu mwenyewe akiwa masomoni Mombasa. Nikahi ingefungwa Mombasa mbele ya kadhi, lakini binti hakutaka kuolewa bila radhi ya wazazi wake, ambao ni Wakristo. Basi ikawa lazima twende tukae nao kitako. Dada yangu akanipa kazi yangu mapema: "Kaka, wewe ndiwe mshairi. Utatutungia beti mbili tatu, tusionekane tumekwenda mikono mitupu."

Nikaitikia kwa maringo. Wiki tatu nikajifungia chumbani kila usiku, na karatasi ikabaki nyeupe kama sanda, Mungu apishe mbali. Mimi ni katika wale walioamini tangu ujana kwamba ilhamu humshukia mtu aliyejitenga, taa moja, kelele hakuna. Siku ya safari nilipanda gari na daftari tupu. Dada akaniuliza, "Umemaliza?" Nikamwambia imebakia kusahihisha vina. Astaghfirullahi.

Tulipita Kibwezi na Mutomo, njia ambayo sasa ina lami, mibuyu imesimama huku na huku. Njiani wazee walizungumza habari za Kivoi, yule mfanyabiashara mkuu wa Ukambani aliyekuwa akiongoza misafara ya pembe hadi Mombasa. Ndiye aliyemkaribisha Krapf, mmisionari wa Rabai, mwaka 1849, na ilikuwa kutoka huko Kitui, tarehe 3 Desemba, Mjerumani yule alipouona mlima wa Kenya na theluji yake. Kwa hiyo sisi na watu wa Kitui hatukuanza kujuana jana.

Tulipokelewa vizuri kupita kiasi. Kwa mila ya Wakamba posa hutiwa muhuri kwa mbuzi, nao huita ntheo; mmoja huchinjwa, watu wa pande mbili wakamla pamoja. Sisi tulikuwa na wasiwasi wetu wa kimya kimya juu ya nyama hiyo. Kumbe mwenye nyumba alikwisha kuliwaza kabla yetu. Alimshika mkono mzee wetu mmoja, akampa kisu, akasema, "Baba, chinja wewe kwa dini yako, ili sote tule." Dada yangu akajifuta macho kwa ncha ya buibui. Mimi nikaona haya zaidi kwa daftari langu.

Wakati nyama na muthokoi vikiwa motoni, nilijitenga na wanaume nikaenda chini ya mwembe walikokaa kina mama. Walikuwa wakisuka vyondo. Mkubwa wao alikuwa nyanya yake bibi harusi, na watu wote, hata wageni, walimwita Susu, ndiyo nyanya kwa Kikamba. Alikuwa na fungu la nyuzi za mkonge kando yake. Hutwaa nyuzi chache, akazigawa sehemu mbili, akazisokota juu ya paja kwa kiganja, kisha akazirudisha nyuma zikajipinda zenyewe kuwa kamba moja. Hapo ndipo kazi huanza. Kyondo huanzia kitako, nyuzi zikapishana katikati kama miale, halafu msukaji huzunguka na kuzunguka, akiongeza nyuzi kila chombo kinapopanuka. Sindano hakuna, ni vidole tu. Zamani walitumia nyuzi za gome la mbuyu, na rangi zilitoka katika mizizi na magome. Akikosea hesabu ya uzi mmoja, mstari wa rangi huhama, na mzunguko wa pili aibu inaonekana.

Nikasema moyoni, hii si mizani hii? Nane na nane, ukizidisha moja ubeti unachechemea.

Na walikuwa hawajajitenga na mtu. Watoto wanalia, mmoja anaonja chumvi, mwingine anaanzisha wimbo na wenziwe wanampokea, na vidole haviachi. Mmoja aliyejua Kiswahili sana alinieleza kwamba kyondo kizuri huweza kumla wiki mbili, kwa sababu kuna shamba na kuna maji ya kuchota. Miaka ya 1980 vyondo vyao vilipendwa Ulaya na Marekani, mpaka viwanda vya mbali vikaanza kuviiga. Mchuuzi akija siku hizi, alisema, hutazama rangi na bei, hamuulizi mtu kilisukwa na nani. Binti zao wanajua kusuka, lakini hawaoni faida yake.

Marehemu mama yangu alikuwa akisuka ukili barazani kwetu. Nami nikitoka chuoni na juzuu yangu kwapani nilikuwa nikipita mbio juu ya miyaa yake, naye akinipigia kelele. Kila nakshi ya mkeka ilikuwa na jina lake. Sikuuliza hata moja. Nilipokua nikasomea bahari za mashairi, nikawafundisha na wengine, na mama akafa na majina yake.

Susu alinikatiza mawazo. Alikuwa amejifunga leso yetu hii ya Mombasa, imepauka kwa kufuliwa, na akataka nimsomee maneno yake, maana alikuwa ameivaa miaka na hakuna aliyemwambia. Nikasoma: SEMENI MCHOKE MWANA NI WANGU. Siku ya posa, mbele ya wakwe! Nilimeza mate. Yule aliyejua Kiswahili akafasiri kabla sijamzuia, na chini ya mwembe kukawa hakukaliki kwa kicheko. Susu alicheka mpaka kyondo kikamwanguka.

Niliandika hapo hapo, daftari juu ya goti. Tulipomaliza kula, nikasimama nikausoma ubeti mmoja, kwa kuwa ndio niliokuwa nao:

Mkonge wapigwa paja, uwe uzi wa kusuka,
Ukibaki ni mmoja, kwa upesi hukatika,
Wa pili ukishakuja, mzigo utabebeka,
Nanyi msukwe pamoja, msije mkafumuka.

Wanaume walipiga makofi ya adabu. Susu alingoja afasiriwe, akafikiri, kisha akasema maneno machache. Nikaambiwa amesema: "Uzi ameusema vizuri. Paja linalochubuka hakulisema."

Nimejaribu ubeti wa pili tangu hapo, kuhusu paja, na bado haujakaa. Nikahi ilifungwa salama. Kyondo alichopewa dada yangu siku ile amekitundika ukutani kwake, juu ya msala aliousuka mama. Juzi niliuteremsha ule msala nikauhesabu: chane za ukili ni kumi na mbili, na ya saba rangi yake imekatika katikati, kisha ikaendelea. Nilimuuliza dada kama mama alikosea.

"Hakukosea," akanijibu. "Siku hiyo ulimkanyagia miyaa."