Kompyuta na Daftari la Mfanya Biashara

Kila mfanya biashara, awe mwenye duka la jumla au mwenye kibanda cha mchele sokoni, hana budi kujua mambo matatu ifikapo jioni: ameuza nini, amebakiwa na nini, na nani anamdai au anadaiwa naye. Tangu zamani mambo hayo yaliandikwa katika daftari la karatasi. Siku hizi daftari limeingia ndani ya kompyuta, na wengi wajifunzao chombo hicho huonyeshwa mahali pa kubonyeza tu, bila ya kuelezwa maana ya kinachotendeka. Elimu ya namna hiyo haifiki mbali. Sura ya programu ikibadilika, mwanafunzi hupotea. Na hesabu ikikosewa, hajui pa kulitafuta kosa. Katika makala haya tutaeleza mambo machache yaliyo msingi wa kazi hiyo, ili mwenye mali awe pia mwenye kuielewa hesabu yake.

Jina la chombo na kazi zake

Katika Tanzania chombo hiki aghalabu huitwa kompyuta. Katika Kenya vitabu vya shule hukiita pia tarakilishi, na ndani ya neno hilo tunasikia tarakimu. Jina hili lafaa, kwani kila kitu kiingiacho humo hugeuzwa kuwa tarakimu, nazo ni mbili tu: 0 na 1. Tarakimu moja ya namna hiyo huitwa biti. Biti 8 pamoja ni baiti, nayo yaweza kupangwa kwa namna 256. Hata herufi ni nambari: herufi kubwa A hutunzwa kama 65, na B kama 66. Basi mashine haijui mchele wala sukari. Yajua tarakimu na namna ya kuzichezesha.

Kazi zake ni nne. Hupokea habari kwa kicharazio au kwa njia nyingine; huzichakata kwa kufuata amri za programu; huzihifadhi; kisha huzitoa, ama katika kioo ama katika karatasi. Simu ya mkononi nayo hufanya kazi hizo hizo nne. Mtu aliyezoea kupokea malipo kwa M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, amekwisha kuutumia mfumo wa kompyuta katika biashara yake, ijapokuwa pengine hakuuita hivyo.

Meza na ghala

Neno kumbukumbu huwatatiza wanafunzi, kwa sababu hutumiwa kwa vitu viwili. Kuna kumbukumbu ya kazi, na kuna hifadhi ya kudumu. Ya kwanza ni kama meza ya duka: juu yake huwekwa kile kinachoshughulikiwa sasa. Ya pili ni kama ghala: vitu hukaa humo hata duka likifungwa. Umeme ukikatika, vilivyokuwa mezani hupotea. Vilivyomo ghalani husalimika. Ndiyo maana mwalimu husisitiza kuhifadhi kazi mara kwa mara, kwani kuhifadhi ni kuitoa kazi mezani na kuipeleka ghalani.

Kitu kihifadhiwacho huitwa faili, nayo mafaili hupangwa katika makabrasha. Yafaa kila faili lipewe jina lenye maana na tarehe, kwa mfano “Mauzo 2025-03”. Anayeandika mwaka kwanza, kisha mwezi, atayakuta mafaili yake yamejipanga yenyewe kwa utaratibu wa wakati.

Lahajedwali

Katika programu zote za ofisi, lahajedwali ndiyo imfaayo zaidi mfanya biashara. Jina lenyewe laeleza kitu: laha ni karatasi, na jedwali ni mpangilio wa safu za wima na za mlalo. Zamani karani aliyebadili bei moja alilazimika kufuta na kukokotoa upya kila jumla iliyoitegemea. Mwaka 1979, katika Marekani, Dan Bricklin na Bob Frankston walitoa programu iitwayo VisiCalc, iliyotumika kwanza katika kompyuta ya Apple II. Programu hiyo ilifanya kazi hiyo ya kukokotoa upya yenyewe, na wafanya biashara wengi wakaona sababu ya kununua kompyuta.

Tuchukue mfano. Safu A ina jina la bidhaa, B ina kilo, C ina bei ya kilo, na D ina thamani. Katika mstari wa 2 pana mchele, kilo 40 kwa shilingi 3,000; katika wa 3 pana maharage, kilo 25 kwa 3,200; katika wa 4 pana sukari, kilo 30 kwa 2,800. Katika kisanduku D2 hatuandiki 120,000, bali twaandika kanuni: =B2*C2, maana yake “zidisha kilo kwa bei”. Tukifanya vivyo hivyo katika mistari mingine na kujumlisha, twapata shilingi 284,000. Bei ya mchele ikipanda kuwa 3,200, twabadili kisanduku kimoja tu, C2. Thamani ya mchele yawa 128,000 na jumla yawa 292,000 papo hapo. Mwanafunzi aliyefahamu tofauti baina ya kuandika jibu na kuandika kanuni amekwisha kuupata ufunguo wa lahajedwali.

Lakini hapa pana hatari moja ambayo wenye kuzoea daftari la karatasi huingia bila ya kujua. Sisi tumezoea kuandika shilingi hivi: 5,000/=. Kwa macho yetu hiyo ni fedha. Kwa lahajedwali hayo ni maneno tu, kwa sababu ya alama zilizofuata nambari. Tuseme gharama za siku ni nauli 5,000, ushuru wa soko 1,000 na mifuko 2,000, na nauli imeandikwa 5,000/=. Amri ya kujumlisha safu itairuka nauli kimya kimya na kutoa 3,000 badala ya 8,000. Dalili yake ni kwamba, pasipo mtu kubadili mpangilio, nambari hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maneno upande wa kushoto. Basi iandikwe nambari tupu, na neno shilingi liwekwe katika kichwa cha safu.

Mashine na ukweli

Hatari kubwa kuliko hiyo ni kuamini kwamba kilichotoka katika kompyuta lazima kiwe kweli. Katika Uingereza, Shirika la Posta lilianza mwaka 1999 kuweka mfumo wa hesabu uitwao Horizon, wa kampuni ya Fujitsu, katika matawi yake, mengi yakiwa maduka madogo yaliyoendeshwa na mawakala. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao mawakala hawakuweza kuueleza. Wengi waliulipa kutoka mifukoni mwao. Wengine walishtakiwa kwa wizi na udanganyifu, na baadhi yao wakafungwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa hesabu za mfumo huo. Sheria ilichukulia kwamba kompyuta yafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe kinyume, na wakala mmoja peke yake hakuwa na njia ya kuthibitisha. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye kuweza kuleta upungufu huo. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta kwa jumla.

Mfanya biashara mdogo ajifunze nini hapo? Kwanza, stakabadhi za karatasi zisitupwe ati kwa sababu hesabu imo kwenye kompyuta. Pili, kila jioni fedha zilizomo sandukuni zihesabiwe kwa mkono na kulinganishwa na jumla ya mashine. Zikitofautiana, sababu itafutwe siku ile ile. Tatu, ijulikane ni nani aliyeingiza kila habari, na kila mtu awe na nywila yake asiyomwambia mwenzake. Nne, iwepo nakala ya mafaili mahali pengine mbali na duka, kwani moto au mwizi hachagui baina ya daftari na kompyuta.

Kuhusu lugha, haipasi kudhani kwamba elimu hii haipatikani ila kwa Kiingereza. Mwaka 2004, kwa kazi iliyofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, programu za ofisi zilitolewa kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Maneno kama lahajedwali na hifadhidata yamo tayari katika lugha yetu. Yanangoja kutumiwa na walimu. Anayeanza na ashike utaratibu huu: ajifunze kwanza faili na hifadhi, kisha lahajedwali ya bidhaa tatu au nne za dukani mwake mwenyewe, na kwa mwezi mzima aendelee kuandika daftari la karatasi kando yake. Hesabu mbili zikilingana siku zote thelathini, ndipo aweza kuitegemea kompyuta. Zisipolingana, atakuwa na mahali pa kuanzia kulitafuta kosa.