Leo Fender: Mkopo wa dola 600 uliozaa milioni 13

MFANYABIASHARA anapouza kiwanda, akakabidhi funguo na kupokea hundi, huwa ameuza nini hasa? Majengo yana bei. Mashine na mali iliyomo stoo vina bei. Lakini ujuzi wa fundi na imani ya wateja vinaandikwa safu gani ya daftari? Habari za Leo Fender, mmoja wa waasisi wa amplifaya za vyombo vya muziki, zinalijibu swali hilo kwa tarakimu.

Fender, aliyefariki Machi 21, 1991 akiwa na umri wa miaka 81, hakuwa mwanamuziki. Hakujua hata kupiga gitaa. Alizaliwa California, Marekani, mwaka 1909, mtoto wa wakulima wa machungwa. Alisomea uhasibu na kuajiriwa kutunza vitabu vya hesabu, lakini mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukamtoa kazini. Mwaka 1938 alikopa dola 600 akafungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton.

Fundi redio huijua bidhaa kwa ubovu wake. Wanamuziki walimpelekea Fender amplifaya zilizoungua na spika zilizochanika, naye akajifunza kipuri kipi hufa kwanza na kwa nini. Mwaka 1945 alianza kuunda magitaa na amplifaya zake akishirikiana na Clayton Kauffman. Mwaka uliofuata Kauffman alijitoa kwa kuhofia madeni. Fender akaendelea, safari hii kwa jina lake mwenyewe.

BIDHAA MBILI KWA MTEJA MMOJA

Gitaa la umeme lisipounganishwa na amplifaya halisikiki ukumbini. Mtikisiko wa nyuzi huzaa umeme mdogo mno. Amplifaya huukuza, na spika huugeuza kuwa sauti. Kwa hiyo anayeuza gitaa la aina hiyo ana mteja wa bidhaa ya pili papo hapo. Fender alilielewa hilo. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi la Precision, na mwaka 1952 akatoa amplifaya ya kulibeba, Bassman.

Ziliundwa kwa kufikiria siku ya kuharibika. Vipuri vilipangwa kwenye kibao kimoja, fundi akifungua nyuma anaviona vyote. Fender pia aliwapa wanamuziki mashine mpya wakazijaribie kazini, kisha akasikiliza malalamiko yao na kurudi karakanani. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10, na wapiga gitaa la solo waliigombea ingawa haikukusudiwa wao.

Soko lilimletea pia waigaji. Nchini Uingereza amplifaya za Fender zilikuwa ghali kwa sababu ziliagizwa kutoka nje. Mpiga ngoma mmoja mwenye duka la vyombo eneo la Hanwell, London, Jim Marshall, aliiona nafasi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, walichukua mpangilio wa umeme wa Bassman, wakatumia vipuri vilivyopatikana kwao, na hapo ikazaliwa amplifaya ya kwanza ya Marshall. Bei ya bidhaa ya nje ndiyo iliyoanzisha kiwanda cha ndani.

MAUZO YA 1965

Kufikia mwaka 1964 Fender alikuwa mgonjwa na aliamini hatapona. Kwa maelezo ya Don Randall, aliyesimamia mauzo ya kampuni, Fender alikuwa tayari kumwachia kwa dola milioni 1.5. Randall akatafuta mnunuzi mkubwa zaidi. Januari 1965 kampuni ya utangazaji ya CBS ilinunua kwa dola milioni 13. Muda si mrefu Fender akapona.

Wenye mali wapya walitaka wingi. Mwaka 1966 walileta amplifaya za transista kuchukua nafasi ya zile za valvu. Msimamizi wa kiwanda, Forrest White, hakuridhika nazo. Aliona heri aache kazi kuliko kuziidhinisha. Amplifaya hizo hazikudumu sokoni. Miaka iliyofuata malalamiko ya ubora yaliongezeka, na Wajapani wakaingia na bidhaa za bei nafuu.

Mwaka 1985 CBS iliuza kampuni kwa kundi la wafanyakazi na wawekezaji lililoongozwa na Bill Schultz. Bei: dola milioni 12.5. Ni kweli kwamba majengo ya kiwanda cha Fullerton hayakuwamo katika mauzo hayo. Lakini dola ya mwaka 1985 ilinunua chini ya theluthi moja ya ile ya 1965. Kwa vyovyote utakavyopiga hesabu, sehemu kubwa ya mali iliyonunuliwa ilikuwa imeyeyuka.

Ilikwendea wapi? Soko la vyombo vilivyotumika lina jibu lake. Wanunuzi huulizia kwanza kama amplifaya ni ya "kabla ya CBS", na hulipa zaidi ikiwa ndivyo. Wamiliki wapya nao waliisoma alama hiyo: mwaka 1990 waliirudisha kiwandani Bassman ya mtindo wa 1959.

Wahenga wa biashara walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fender, mtunza hesabu, asingebisha. Ila daftari la 1965 lilisahau mstari mmoja: mtu aliyekuwa akisikiliza malalamiko. Huyo alikwenda zake, akashiriki kuanzisha kampuni nyingine, G&L, na aliendelea kufika karakanani humo hadi siku moja kabla ya kufa.