Mizani ya namba za kijani: kwa nini kilo 10 zilisoma pungufu Moshi

Nina mizani ya dukani iliyonizidi umri. Niliinunua mjini Moshi kwa mzee mmoja aliyekuwa anafunga duka lake la rejareja. Aliniambia ilikuwa ya ndugu zake waliokuwa na duka London, wakamtumia, lakini hapa hakuuzia nayo hata robo ya sukari. "Wateja wangu walizoea mizani ya mawe, mwanangu," alisema. "Wakiona namba zinawaka zenyewe wanadhani wanaibiwa."

Nilicheka. Baadaye nilipoipima kwa mawe yaliyohakikiwa, ikasoma pungufu kweli. Sababu yake haikuwa wizi wala ubovu, na inamhusu kila mtu anayepima kahawa, mahindi au maharage huku kwetu.

Namba zinawakaje?

Sehemu ya kusomea ina vibomba vidogo vya kioo, kila kimoja kwa tarakimu moja, vyenye mwanga wa kijani unaokaribia buluu. Kama uliwahi kuona deki ya kanda za video, mwanga ule wa saa yake ndio huu.

Ndani ya kibomba hewa imeondolewa. Mbele kuna nyaya nyembamba kama unywele, ambazo umeme huzipasha moto. Zikishika moto hutoa elektroni, yaani chembe ndogo mno za umeme. Nyuma yake kuna vipande saba vilivyopakwa unga maalumu na kupangwa kwa umbo la 8. Kipande kinachopewa umeme huvuta elektroni, nazo zikigonga ule unga, unang'aa. Vikiwaka vyote saba unasoma 8. Cha katikati kikizimwa unasoma 0.

Vibomba vya aina hii vilianzia Japani katika miaka ya 1960. Vilivyovitangulia vilikuwa na gesi ya neoni na mwanga wa rangi ya chungwa. Ndani yake kila tarakimu ilikuwa waya uliokunjwa kwa umbo lake, na vilihitaji umeme wa volti 170 hivi.

Angalizo: ukipata kifaa cha zamani cha namna hii, usikifungue mwenyewe. Hata kikichomolewa, baadhi ya vifaa vya ndani huendelea kushika umeme. Mpelekee fundi.

Uzito unakuwaje namba?

Chini ya sahani kuna kipande cha chuma. Ukiweka mzigo, chuma kinapinda kidogo sana, huwezi kuona kwa macho. Juu yake vimegandishwa vinyaya vyembamba. Chuma kikipinda, navyo vinavutika, na umeme unapita humo kwa shida zaidi. Mizani inaipima shida hiyo na kuigeuza kuwa kilo.

Hapo ndipo penye siri. Mizani hii haijui kilo. Inachojua ni jinsi dunia inavyouvuta mzigo kwenda chini.

Jiwe la kilo 10

Fundi alibadilisha kapasita mbili zilizovimba, tukawasha, ikaandika 0.000. Tuliiacha ipate joto kwa nusu saa, kwa kuwa mizani ya zamani huyumba ikiwa baridi. Kisha tukaweka jiwe la kilo 10 tuliloazima kwa mfanyabiashara wa nafaka, lenye alama ya uhakiki wa mwaka huu.

Ikasoma 9.965. Tukaondoa jiwe, ikarudi 0.000. Tukaweka tena: 9.965. Jiwe la kilo 5 likasoma 4.985. Mizani hii huhesabu kwa hatua za gramu 5.

"Imechoka hii, kaka," fundi akasema. Lakini mizani iliyochoka huyumba, leo hivi kesho vile. Hii ilikuwa na msimamo, pungufu kiasi kilekile kila mara.

Jibu lipo ardhini. Dunia haivuti vitu sawasawa kila mahali. Inajizungusha, na kiunoni, kwenye ikweta, imetuna kidogo. Kwa hiyo mtu aliye karibu na ikweta huvutwa kwa nguvu pungufu kuliko aliye Ulaya. Wanasayansi huipa nguvu hiyo namba: London ni takribani 9.81, Moshi ni takribani 9.78. Mizani iliyorekebishwa London ikiletwa Moshi bila kurekebishwa upya, kila kilo 100 zitasoma karibu 99.65. Zimepotea gramu 350.

Mizani ya mawe ya yule mzee haina tatizo hili. Upande mmoja mzigo, upande mwingine jiwe, na dunia inavivuta vyote viwili sawa. Mizani ya saa, ile ya springi inayoning'inizwa, inao ugonjwa uleule wa mizani yangu.

Nani anapoteza?

Inategemea mizani ni ya nani. Muuza sukari akitumia mizani inayosoma pungufu, mteja anaondoka na ziada. Mnunuzi wa mazao akiitumia, anayepoteza ni mkulima. Kwa magunia 20 ya kilo 100, gramu 350 kila gunia zinafika kilo 7. Tangu KNCU ianzishwe mwaka 1933, na hata kabla yake, mkulima wa kahawa amekuwa akilipwa kwa namba iliyosomwa na mtu mwingine. Ndiyo maana kuna Sheria ya Vipimo, na ndiyo maana Wakala wa Vipimo, WMA, huhakiki mizani za biashara kila mwaka kwa mawe maalumu. Mizani ikirekebishwa hapahapa kwa mawe ya kweli, tofauti ya London na Moshi inakwisha.

Je, kupanda mlima kunabadilisha kitu? Ndiyo, lakini ni kidogo mno. Kutoka Moshi mjini hadi vijiji vya juu vya Kibosho au Marangu, gunia la kilo 100 litatofautiana kwa gramu 20 hivi. Karani akikuambia kilo mbili zimepungua kwa sababu ya mlima, usimkubalie.

Ukienda kupima mazao

- Kabla ya mzigo kuwekwa, hakikisha mizani inasoma sifuri.
- Tafuta stika ya uhakiki ya WMA, na uangalie mwaka wake.
- Uliza uzito wa gunia au ndoo tupu umetolewa kiasi gani.
- Pima nyumbani au kwa jirani kwanza, uandike namba. Ukiona tofauti kubwa, omba jiwe liwekwe mbele yako.
- Usiporidhika, peleka malalamiko ofisi ya WMA ya mkoa.

Mizani yangu haina stika, kwa hiyo sitaiuzia hata nyanya. Ipo mezani, jioni naiwasha kwa ajili ya ile rangi. Pembeni nimebandika karatasi: "Kilo 10 za hapa, yenyewe inasema 9.965." Yule mzee nilimpigia simu kumweleza. Akasema, "Basi wateja wangu hawakukosea sana."