Adamu kati ya miti ya chuma



Miezi michache iliyopita nilikuwa Singapore kikazi. Wenyeji wetu walisisitiza tusiondoke bila kuiona bustani ya Gardens by the Bay, tena twende usiku. Jioni ya mwisho tukaenda.

Bustani hiyo, iliyofunguliwa mwaka 2012, imepandwa juu ya ardhi ambayo zamani ilikuwa bahari. Ndani yake imesimama miti mikubwa 18 ya kutengenezwa, yenye urefu wa kati ya mita 25 na 50. Shina ni zege na chuma, lakini limevikwa mimea hai tangu chini hadi juu. Kila usiku, saa 1:45 na saa 2:45, taa za rangi huwaka kwenye matawi ya chuma zikifuata muziki, na watu hujilaza chali wakitazama juu.

Nami nilijilaza, simu mkononi, nikirekodi. Katikati ya uzuri ule jina la mdogo wangu likatokea kwenye simu. Nikakata. Likatokea tena. Nikakata tena.

Mpendwa, nina jambo la kukiri. Baba alituachia shamba. Mimi mkubwa niliuza sehemu yake bila kumshirikisha mwenzangu. Wazee waliponiuliza nilijibu vizuri sana, lakini moyoni niliujua ukweli. Miezi minane ikapita hatuongei. Kanisani niliendelea kuimba, na safu hii niliendelea kuiandika.

Baada ya robo saa hivi muziki ulinyamaza, taa zikafifia, watu wakaanza kuondoka. Nikawaambia wenzangu watangulie. Macho yalipokosa cha kutazama, pua na masikio vikaamka. Nilisikia harufu ya udongo wenye unyevu na ya maua nisiyoyajua, wadudu wakilia, majani yakigusana. Na katika utulivu ule likanijia swali ambalo Mungu alimwuliza Adamu katika Mwanzo sura ya 3: yuko wapi?

Ilikuwa jioni, wakati wa upepo mwanana, na Adamu alikuwa amejificha kati ya miti. Mungu hakuuliza kwa sababu amempoteza. Aliuliza ili Adamu mwenyewe atambue amefika wapi. Nami nilikuwa wapi? Kati ya miti ya chuma, mbali na nyumbani, nikimkatia simu ndugu yangu.

Biblia inatupeleka kwenye bustani nyingine mbili gizani. Katika Yohana 18, watu walikuja usiku na taa na silaha kumkamata Bwana Yesu. Yeye hakujificha nyuma ya mti. Alitoka kuwakabili na kuwauliza wanamtafuta nani. Adamu wa kwanza alijificha kwa kosa lake. Adamu wa pili alijitokeza kwa ajili ya makosa yetu. Kisha, katika Yohana 20, Mariamu Magdalene alifika kaburini, bustanini, kungali giza. Alilia, akamdhania Bwana kuwa mtunza bustani, mpaka alipoitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo giza la bustani si lazima liwe mahali pa kujificha. Laweza kuwa mahali pa kupatikana.

Nikampigia. Nyumbani ilikuwa saa kumi na kitu alasiri.

"Shikamoo kaka," akasema, kama zamani. Koo likanikaba.

"Marahaba. Mdogo wangu, kwenye lile shamba nilikukosea."

Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Ukirudi, njoo nyumbani tuongee."

Nilikwenda. Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Fedha yake ninailipa kidogo kidogo, na kuna siku mazungumzo yetu bado ni magumu. Ila sasa akipiga napokea.

Ndugu msomaji, taa za bustani ile huwaka kwa dakika chache kisha huzimwa. Vivyo hivyo nyimbo zetu za Jumapili hufika mwisho, viti vikapangwa, mlango wa kanisa ukafungwa. Hapo ndipo swali la Mungu husikika vizuri. Leo ukirudi nyumbani, kaa kimya kidogo kabla ya kuwasha televisheni. Ni jina la nani unalolikatia simu?

Bwana atupe ujasiri wa kutoka kati ya miti. Jumapili njema.