Kipakatalishi kikikataa kuingia chaji, usikimbilie kununua betri

WAKAZI wengi wa Kilimani wanaofanyia kazi nyumbani wamewahi kumpelekea fundi lalama hii: kipakatalishi kimechomekwa kwenye umeme usiku kucha, lakini asubuhi kingali na chaji ya jana, au kinazimika papo hapo waya unapochomolewa.

Mara nyingi jibu wanalopewa ni kwamba betri imekufa na lazima inunuliwe nyingine. Huenda ni kweli. Hata hivyo, betri ni kiungo cha mwisho katika mnyororo mrefu unaoanzia ukutani, ukapitia plagi, waya, chaja, tundu la chaji na bodi iliyo ndani ya mashine. Kiungo chochote kikikatika, dalili huwa ni ile ile. Anayenunua betri kabla ya kujua palipokatika huenda akalipa maelfu ya shilingi na kurudi nyumbani na tatizo lake.

Uchunguzi, basi, na uanzie ukutani. Chomeka taa ya mezani au simu kwenye soketi ile ile. Ikiwa unatumia waya wa kurefusha umeme, uondoe kwanza. Plagi zetu za meno matatu ya mraba, ambazo ni sawa na zile za Uingereza, zina fyuzi ndani yake, na fyuzi ya shilingi chache ikiungua chaja nzima huonekana kana kwamba imekufa.

Chaja nyingi za vipakatalishi hukubali umeme wa volti 100 hadi 240, hivyo kupungua kidogo kwa nguvu za umeme hakuzidhuru. Kinachoziua ni msukumo wa ghafla umeme unaporejea baada ya kupotea, kama ulivyopotea katika sehemu kubwa ya nchi mnamo Agosti 25, 2023 na tena Desemba 10 mwaka huo. Majumba mengi ya Kilimani yana jenereta, lakini jenereta inapopokea zamu na kuirudisha, vifaa vilivyochomekwa vinaweza kupata mshtuko mara mbili. Umeme ukipotea, ni heri kuchomoa chaja hadi utulie.

Fundi mwenye mita ya kupimia umeme anaweza kuipima chaja kwa dakika moja. Kiasi kinachopaswa kutoka kimeandikwa kwenye kibandiko chake: chaja nyingi za Dell na HP hutoa volti 19.5, na za Lenovo volti 20. Ikiwa mita haionyeshi kitu, mgonjwa amepatikana na betri haina hatia.

Lakini kuna chaja inayotoa volti barabara na bado mashine ikakataa kuchaji. Hapa ndipo wengi hupotea njia. Katika vipakatalishi vingi vya Dell na HP vyenye tundu la mviringo, kuna pini nyembamba katikati ya kichwa cha chaja. Kwa pini hiyo chaja hujitambulisha kwa mashine na kueleza ina wati ngapi. Pini ikipinda au kukatika, au chaja ikiwa ni ya kuiga, mashine hushindwa kuitambua. Itawaka na kufanya kazi kama kawaida, pengine kwa mwendo wa kobe, lakini haitaichaji betri. Mwenye mashine huona taa inawaka, akahitimisha kuwa chaja ni nzima na betri ndiyo mbovu. Kuazima chaja halisi ya jirani, yenye wati zinazolingana, humaliza ubishi huo bila gharama.

Hali ni hiyo hiyo kwa vipakatalishi vinavyotumia kichwa cha Type-C. Si kila tundu la aina hiyo hupokea chaji. Mengine ni ya kupitisha data pekee. Chaja ya simu ya wati 18 nayo haiwezi kukishibisha kipakatalishi kinachohitaji wati 65, hata kama kichwa chake kinaingia vizuri.

Aidha, kuna mashine ambayo haina ugonjwa wowote. Ikiwa chaji inapanda na kusimama asilimia 60 au 80 kila mara, huenda mtu aliweka mpangilio wa kuihifadhi betri. Lenovo, Asus, Dell na Apple zote zina mpangilio wa namna hiyo, kwa sababu betri ya lithiamu huchakaa haraka inapokaa imejaa pomoni siku zote. Jambo hili huwapata hasa wanaonunua mashine zilizotumika kutoka Uingereza, ambazo huja na mipangilio iliyoachwa na ofisi zilizokuwa zikizimiliki. Joto nalo husimamisha chaji: mashine iliyolazwa juu ya blanketi inaweza kukataa hadi ipoe.

Kabla ya kwenda kwa fundi, izime mashine, chomoa chaja, toa betri ikiwa inatoka kwa nje, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliobaki kwenye bodi hutoka, na saketi inayosimamia chaji huanza upya. Ni hatua isiyo na gharama, na mara kwa mara hutosha.

Isipotosha, iulize mashine yenyewe. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotoka huonyesha uwezo ambao betri iliundwa nao na uwezo iliobaki nao. Betri iliyoundwa kubeba wati-saa 50 na sasa inabeba 18 imezeeka, na hapo kuibadilisha ni haki. Lakini ikiwa ingali inabeba 45, kataa kuinunulia mrithi. Yaelekea hitilafu iko kwenye tundu la chaji lililolegea au saketi ya chaji kwenye bodi. Kulehemu tundu upya ni kazi ndogo. Ya bodi huhitaji fundi mwenye vifaa na macho makali. Mnunuzi wa mashine iliyotumika afanye vyema kuomba ripoti hii dukani kabla ya kutoa pesa.

Betri iliyokaa miezi mingi bila chaji ni kisa tofauti. Nguvu ya seli zake ikishuka kupita kiasi, saketi ya ulinzi huzifungia kabisa. Baadhi ya mafundi hujitolea "kuiamsha" kwa kuipitishia umeme moja kwa moja. Usikubali. Saketi ile hufunga kwa sababu seli zilizoshuka hivyo zinaweza kupata hitilafu ya ndani na kuwaka moto zikichajiwa tena.

Hatari kubwa zaidi huonekana kwa macho. Kibao cha kuongozea kishale kikigoma kubonyezeka, au mashine ikianza kuyumba juu ya meza iliyo sawa, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, na usiitoboe. Hata viwanda vikubwa havijanusurika: mnamo Agosti 2006 Dell iliagiza betri takriban milioni 4.1 zilizokuwa na seli za Sony zirudishwe, baada ya baadhi ya mashine kushika moto.

Ikibainika kwamba betri mpya ni lazima, nambari ya aina yake ilingane na iliyo kwenye kibandiko cha ile ya zamani. Betri ghushi zipo, ingawa sheria ya kuzikabili ilipitishwa mwaka wa 2008. Itie kwenye mashine kabla ya kulipa, toa ripoti, na utazame idadi ya mizunguko ya chaji. Betri mpya haiwezi kuwa na mizunguko 200. Huu si ushahidi kamili, kwani namba hizo zinaweza kughushiwa, hivyo dai risiti na dhamana ya maandishi.

Ile ya zamani isitupwe kwenye pipa la jumba pamoja na taka za jikoni, kwa kuwa ikipondwa ndani ya lori la taka inaweza kuwaka. Kituo cha WEEE kilichoko Utawala, mashariki mwa Nairobi, hupokea taka za kielektroniki. Ukiwa njiani kuipeleka, zibe vituo vyake vya chuma kwa utepe wa plastiki ili visigusane na chuma kingine.