Sarufi ya amri: kupanga sauti zetu kwa terminali

Sisi wanafunzi wa lugha za Kiafrika tukitoka nyanjani tunarudi na sauti za wazee katika mafaili mengi. Kuyapanga moja moja kwa kipanya kunakula siku nzima. Terminali, yaani dirisha ambamo mtu anaandika amri na kompyuta inatenda, inarahisisha kazi hiyo. Wenzangu wengi wanaiogopa. Mimi naona tuisome kama lugha nyingine yoyote, tuanze na sarufi yake.

Kila sentensi huanza na kitenzi cha kuamuru:

pwd: niambie niko folda gani
ls: orodhesha vilivyomo
cd: ingia katika folda
mkdir: unda folda
cp: nakili
mv: hamisha, au badilisha jina
rm: futa

Vitenzi hivi vinatumika katika Linux na Mac. Hata PowerShell ya Windows inavielewa. Baada ya kitenzi huja yambwa:

mkdir Kisanga
cp REC0001.WAV Kisanga

Amri ya kwanza inaunda folda, ya pili inaweka humo nakala ya faili. Ukitaka mafaili yote ya sauti, nyota inasimama badala ya jina lolote:

cp *.WAV Kisanga

Hapa ndipo sarufi hii inapotofautiana na yetu. Katika Kiswahili, viambishi vinaonyesha nani anatenda na nani anatendwa. Terminali haina viambishi hivyo. Mpangilio wa maneno ndio unaoamua. Kinachonakiliwa kinatangulia, kinakopelekwa kinafuata. Ukiandika «cp nakala.txt asili.txt», yaliyomo katika asili yanafutika na ya nakala yanashika nafasi yake.

Tena, terminali haiulizi. Baadhi ya vinasa sauti huanza kuhesabu upya kadi ikisafishwa, kwa hiyo REC0001.WAV ya Jumatatu na ya Alhamisi zinabeba jina moja. Ukinakili ya pili katika folda yenye ya kwanza, hadithi ya Jumatatu imepotea bila onyo. Na kinachofutwa kwa rm hakiendi katika pipa la taka.

Dawa yake iko katika sarufi hiyo hiyo. Katika Linux na Mac, kitenzi kinaweza kufuatwa na kistari na herufi, kama kielezi. Alama -i inamaanisha «uliza kwanza»:

cp -i *.WAV Kisanga

Kisha lipe kila faili jina linalojieleza, lisilo na nafasi katikati, maana nafasi hutenganisha maneno:

mv -i REC0001.WAV sanga_2024-07-15_hadithi.wav

Kabla ya kugusa sauti zenyewe, fanya mazoezi katika folda ya majaribio, na nakala moja ya rekodi zote ibaki kwenye diski nyingine. Mzee aliyesimulia mara moja huenda tusimkute tena.