Silensa Isiyotulia: Mashauri kwa Mkulima Mwenye Gari

Karatasi hii ni kwa wakulima wa Bagara na vijiji vya kandokando ya Babati, wachukuao mahindi na mbaazi sokoni kwa gari lao wenyewe. Yahusu magari ya petroli ambayo nozeli zake huongozwa na kompyuta. Haihusu magari ya dizeli wala yale ya zamani yenye kabureta.

Maana ya silensa

Silensa ni mwendo wa injini mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedeli ya mafuta. Injini nyingi zilizo nzima, zikiisha kupata moto, huzunguka mara 600 hadi 900 kwa dakika. Asubuhi penye baridi huzunguka upesi zaidi, kisha hushuka zenyewe. Lakini mshale ukipanda na kushuka bila kukoma, au injini ikitetemeka na kuzima kila usimamapo, ujue pana ubovu.

Zamani fundi alitengeneza silensa kwa kugeuza skrubu ya kabureta. Katika injini ya nozeli sivyo. Kompyuta hupima hewa iingiayo, kisha hutoa petroli kwa kadiri ya hewa hiyo. Babati iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya meta 1,300, na hewa yake ni nyepesi kuliko ile ya pwani. Kompyuta huyatambua hayo na kujirekebisha. Linaloisumbua ni hewa iingiayo kwa wizi, kupitia mpira uliopasuka, au uchafu uzibao njia ya hewa. Kwa hiyo tafuta kwanza habari za hewa kabla ya kununua kifaa chochote. Wakulima wengi hutoa fedha ya magunia kadhaa kwa sensa mpya, kumbe ubovu ulikuwa mpira wa bei ndogo.

Hatari iliyo kubwa kuliko hasara

Mvuto wa hewa wa injini ndio usaidiao breki. Mpira mnene hutoka kwenye injini kwenda kwenye busta, lile kopo kubwa jeusi lililo nyuma ya pedeli ya breki. Mpira huo ukipasuka, silensa huharibika na breki huwa ngumu pamoja. Tena injini ikizima njiani, breki hubaki na msaada wa kukanyaga mara chache tu, na usukani katika magari mengi huwa mzito. Mtu ashukaye mteremko kuelekea Dareda akiwa na mzigo hawezi kulidharau jambo hili.

Utaratibu wa kukagua

1. Kichujio cha hewa. Katika kiangazi vumbi la njia zetu hukijaza upesi. Kitoe ukitazame; kama mwanga haupiti, weka kipya. Usiendeshe gari bila kichujio.

2. Mipira ya hewa. Injini ikiwa imezimwa, pinda kila mpira ukitafuta nyufa, hasa kwenye ncha zake. Gari lilalalo karibu na ghala hutafunwa mipira na nyaya na panya. Kisha washa injini, usikilize sauti ya kufyonza. Ubane mpira mwembamba mmoja mmoja kwa koleo, kwa upole. Silensa ikibadilika na kutulia, hewa yaibiwa upande huo. Jihadhari nguo isishikwe na mkanda wala feni. Usinyunyize petroli kutafuta tundu, maana injini ya moto yaweza kuwaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

3. Mlango wa hewa. Huu ni ule ubapa mdogo ufunguliwao na pedeli ya mafuta. Masizi meusi hujikusanya ukingoni, na hewa ya silensa hukosa pa kupita. Zima injini, ondoa ufunguo, ufute kwa kitambaa safi na dawa iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kama mlango huongozwa kwa umeme, usiusukume kwa vidole. Baada ya kusafisha, silensa yaweza kuwa juu kwa muda mpaka kompyuta izoee. Magari mengine huhitaji fundi aifundishe kwa mashine.

4. Maji ya rejeta. Maji yakipungua, sensa ya joto huzungukwa na hewa, na kompyuta hudhani injini ni baridi. Silensa hupanda na kushuka. Ongeza maji injini ikiwa imepoa kabisa; usifungue kifuniko chenye moto.

5. Plagi. Mtetemo ufuatao mpigo mmoja wa kudumu huonyesha silinda moja haifanyi kazi. Toa plagi uzilinganishe. Ile iliyo tofauti na wenzake ndiyo ya kushukiwa, pamoja na koili yake.

6. Petroli. Kama ubovu ulianza baada ya kujaza mafuta yaliyowekwa katika pipa au madumu, huenda yameingia maji au takataka.

7. Mashine ya kusoma kompyuta. Taa ya injini ikiwaka, mwombe fundi akuandikie namba aliyoiona. P0171 maana yake hewa imezidi petroli. P0300, silinda zinakosa kuwaka. P0505, mpango wa silensa una kasoro. Namba huonyesha pa kutafuta, haiamuru kifaa cha kununua.

Mambo ya kukatazwa

Usimruhusu mtu kugeuza skrubu izuiayo mlango wa hewa ili silensa ipande. Ubovu hubaki umefichwa, na kompyuta hupoteza kipimo chake. Wala usiendeshe huku mguu mmoja ukikanyaga mafuta ili gari lisizime.

Kabla ya kupakia mzigo, pima breki hivi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Yapasa pedeli izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, gari lisiende mteremkoni mpaka mpira wa busta na busta yenyewe vimekaguliwa.